Punje Mbili za Kahawa

Waswahili wa pwani husema kwamba ahadi ni deni, na methali hiyo imezoeleka kiasi kwamba ni nadra mtu kuuliza yaliyomo ndani yake. Deni lina mdai na lina mdeni. Je, mdai akiwa mbali, akiwa hana askari wala mahakama, nani atamkumbusha mdeni? Na mdeni akiwa si mlaghai bali msahaulifu tu, naye ahesabiwe kuwa ni mvunja ahadi? Maswali haya hayajibiwi na methali. Yanajibiwa, kwa namna ya kushangaza, na ngano moja kongwe ya Wahaya, watu wa Bukoba na Muleba katika mkoa wa Kagera, magharibi ya ziwa Victoria.

Ngano hiyo ni ya Wamara. Wamara alikuwa mfalme mkuu miongoni mwa Wachwezi, wale watawala wa kale ambao habari zao zimeenea kutoka Bunyoro hadi Ihangiro, nusu watu na nusu mizimu. Siku moja, yasema masimulizi, Wamara na wenzake, akiwamo Irungu bwana wa nyika na Mugasha bwana wa ziwa, walijikuta katika nchi ya chini ya ardhi. Huko alitawala Kintu. Nchi yake ilikuwa na neema ambayo nchi ya juu haikuijua. Kintu aliwapokea wageni kama inavyompasa mwenyeji, na walipoaga akawapa vya kwenda navyo: ng'ombe, mbuzi, mbegu za mimea. Hakudai malipo. Alimtaka Wamara jambo moja, nalo ni kwamba asimsahau. Akifika kwake na mambo yakamnyookea, akumbuke kurudisha shukrani. Wamara akakubali. Akarudi juu, mifugo ikazaa, mbegu zikaota, nchi ikashiba. Na katika kushiba huko akasahau.

Kintu alisubiri. Aliposubiri vya kutosha alimtuma mjumbe, na mjumbe huyo jina lake ni Rufu. Hapana haja ya kamusi ili kulielewa jina hilo: shina lake ndilo lililo katika kufa, katika mfu na ufu. Ndivyo kifo kilivyopata njia ya kuingia katika nchi ya Wamara, naye Wamara na watu wake wakaondoka katika ulimwengu wa walio hai. Tangu hapo yeye ni bwana wa mizimu, na waliokuwa wakisema kwa niaba yake ni waganga wa kupandwa na pepo, wanaoitwa embandwa.

Ngano hii imeandikwa zaidi ya mara moja. Hermann Rehse, ofisa wa Kijerumani, alichapa kitabu chake juu ya nchi ya Kiziba mwaka 1910. Padri Edmond Césard wa shirika la Mapadri Weupe aliandika juu ya asili ya Wahaya kama wanavyoieleza wenyewe mnamo mwaka 1927. Francis Xavier Lwamgira, Mziba aliyekuwa mtumishi wa mabaraza ya wafalme wa Bukoba, alitoa kwa Kihaya Amakuru ga Kiziba mwaka 1949, kitabu ambacho hadi leo ndicho mama wa historia ya sehemu zile. Namna za kusimulia hazifanani katika kila jambo. Nani alifuatana na nani, zawadi zilikuwa ngapi, Rufu alifika kwa hila gani. Lakini uti wa mgongo haubadiliki: kulikuwa na kupewa, kulikuwa na kukubali, kulikuwa na kusahau, kisha kulikuwa na Rufu.

Inafaa kuitazama kwanza kama ngano, kabla ya kuivalisha joho la historia. Wahaya wanapoanza kusimuliana, wasikilizaji humwambia msimulizi aone, ili na wao wapate kuona. Peter Seitel, aliyekusanya ngano za Kihaya mwishoni mwa miaka ya 1960, aliyachukua maneno hayo kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 1980. Ni mwanzo wenye busara. Msimulizi hapewi ruhusa ya kusema tu, anadaiwa kuona. Ameshaingia katika ahadi kabla hajamtaja mtu hata mmoja wa ngano yake.

Sasa, aone nini? Mtu aliyezoea ngano za Ulaya atamkumbuka mara moja yule chura wa ndugu wawili Grimm, ambaye hadithi yake iliwekwa ya kwanza kabisa katika mkusanyo wao wa mwaka 1812. Binti mfalme ameangusha mpira wake wa dhahabu kisimani. Chura anajitolea kuutoa, kwa sharti kwamba binti atamfanya mwenzi wake, ale naye, alale naye. Binti anaahidi huku moyoni akidharau, kwani chura atafikaje ikulu? Chura anafika. Baba mfalme anapopata habari, anamlazimisha bintiye alitimize neno alilolitoa. Kizazi baada ya kizazi cha walimu wamekisimamia kipande hicho na kukifanya funzo la hadithi nzima. Wanachokipita haraka ni kwamba binti hatimizi. Chumbani, chura anapodai kupandishwa kitandani, binti anamshika na kumbamiza ukutani, na hapo ndipo chura anapogeuka kuwa mwana wa mfalme. Lile busu limetiwa baadaye na watu wenye haya. Hadithi inayosifiwa kwa kufundisha uaminifu inamtuza mvunja ahadi kwa mume na gari la farasi.

Ngano ya Wamara haina huruma ya namna hiyo, wala haina baba wa kusimama mlangoni na kuamuru. Tofauti kubwa zaidi ni hii: binti mfalme alidanganya tangu mwanzo, ilhali Wamara hakudanganya. Hakuna masimulizi yanayosema kwamba alipokuwa mbele ya Kintu alikuwa na nia mbaya. Alisema kweli, kisha akashiba. Kosa linaloadhibiwa kwa kifo ni sahau, na sahau ya namna maalumu, ile ya aliyepata hata akadhani kuwa alivyo navyo ni vyake tangu awali. Ng'ombe wa Kintu wamezaa ndama, na ndama wamezaa ndama. Ni yupi kati yao bado ni zawadi? Hilo ndilo swali ambalo Wamara hakujiuliza.

Historia inaanza kuingia pale mtu anapouliza ngano hii iliwahusu nani. Falme za Wahaya hazikuwa moja. Ihangiro, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya Muleba ya leo, pamoja na Kianja, Kyamutwara na nyinginezo, zilitawaliwa na koo za Kihinda, zilizodai kutokana na Ruhinda. Kiziba, iliyokuwa ndani ya wilaya ya Bukoba na leo imo Missenyi, ilitawaliwa na Wabito wanaomtaja Kibi, mwindaji aliyetoka Bunyoro. Na Ruhinda alikuwa nani? Masimulizi ya kifalme yanamwunganisha na Wamara, na mengine yanamwita mwanawe. Yaani wafalme wa Kihinda walijivunia kutokana na mtu yule yule ambaye raia wao, wakiota moto jioni, walimsimulia kuwa ndiye aliyesahau deni na kukileta kifo. Ni nasaba ya ajabu ya kujitafutia. Mfalme alipata kwa Wamara haki ya kutawala; raia walipata kwa Wamara huyo huyo onyo juu ya mtawala. Na embandwa, waliosema kwa sauti ya Wamara, walisimama katikati, wakiheshimiwa na ikulu na kuogopwa nayo.

Mvutano huo si wa kubuni. Katika kijiji cha Katuruka, kusini mwa mji wa Bukoba, kulikuwa na mti mkubwa ulioitwa Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa kufulia chuma. Wazee walisimulia kwamba Rugomora Mahe, mfalme wa Kihinda wa Kyamutwara anayekadiriwa kutawala katika karne ya 17, aliwaamuru wahunzi wake wajenge mnara wa chuma wa kufikia mbinguni, nao ukaanguka. Peter Schmidt alichimba mahali hapo kuanzia mwaka 1970, na chini ya ardhi zikatoka alama za wafua chuma wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mfalme wa karne ya 17 alikuwa ameiweka ikulu yake jirani na tanuri za watu waliokufa zamani mno kabla ya mtu yeyote kulitaja jina la Ruhinda. Alirithi ardhi, mti na sifa ya chuma, na masimulizi ya ikulu yakamfanya yeye kuwa ndiye mwenye wahunzi. Kama Kintu angetaka mfano wa zawadi iliyosahauliwa chanzo chake, asingetafuta mbali.

Hata hivyo, Wahaya hawakuiacha ahadi mikononi mwa kumbukumbu peke yake. Walikuwa na chombo cha kuifungia, nacho kiliitwa omukago, udugu wa damu. Watu wawili wasio wa ukoo mmoja waliotaka kuwa ndugu walikutana mbele ya mashahidi. Tunda moja la kahawa lilipasuliwa, kwa sababu ndani ya tunda hilo mna punje mbili zilizolaliana tumbo kwa tumbo. Kila mmoja alichanjwa karibu na kitovu, punje ikapakwa damu yake, na mwenzake akaimeza. Kuanzia hapo kila mmoja alikuwa na mwenzake ndani ya tumbo lake. Hakuweza kumnyima chakula, kumkatalia malazi, kumficha hatari wala kukosa mazishi yake, na watoto wa huyu walikuwa watoto wa yule. Katika Bunyoro, ambako mila hiyo ilikuwako vile vile, iliaminika kwamba aliyesaliti tumbo lingemvimba hadi afe. Mdai hakuwa mbali tena chini ya ardhi, alikuwa amekwisha kumezwa.

Angalia jinsi omukago ulivyoziba tundu lililo katika ngano ya Wamara. Kintu alitoa na Wamara akapokea. Mmoja alikuwa na deni na mwingine hana. Katika omukago wote wawili huchanjwa na wote wawili humeza. Hapana mkubwa. Mkulima angeweza kuchanjiana na mtu wa ukoo wa kifalme, na mbele ya punje ile wakawa sawa, walau kwa wajibu wa udugu huo.

Tundu jingine, lile la ujanja, lilikwisha kutambuliwa na ngano ya Bunyoro ambayo ni jirani ya damu na ile ya Wamara. Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, alituma kwa Isaza, mfalme wa juu, mafumbo ya kufumbua na punje za kahawa zenye damu yake, akiomba omukago. Isaza aliogopa kujifunga na mtu asiyemjua. Wala hakukataa waziwazi. Alimwita Bukuku, mtumishi wake wa mlangoni, mtu wa kabila la wakulima, akamwamuru aimeze punje badala yake, na damu ya Bukuku ikapelekwa kuzimu kama kwamba ni ya mfalme. Nyamiyonga alipogundua alimpeleka Isaza binti yake Nyamata, akiwa amejaa uzuri. Isaza akamwoa, lakini mapenzi yake kwa ng'ombe yalimshinda mke. Ndipo Nyamiyonga akampelekea ng'ombe wawili wasio na mfano. Ng'ombe hao wakatoroka, Isaza akawafuata mbio hadi ardhi ikammeza, na hakurudi. Kiti cha enzi akakikalia Bukuku. Kejeli ya ngano hii inauma hadi leo: mtumishi aliyemeza kiapo cha bwana wake ndiye aliyebaki na ufalme, na mwenye ufalme alimezwa.

Karibu na mpaka wa Kagera, historia iliirudia ngano hiyo kana kwamba imeisoma. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Kiingereza alipita Ankole akitaka mkataba na mfalme Ntare. Mkataba ulifungwa kwa udugu wa damu, lakini Ntare hakutokea. Alimtuma mtu mwingine achanjwe kwa niaba yake. Lugard alihesabu kuwa ameifunga nchi. Ntare yumkini alihesabu kama Isaza, kwamba damu iliyotoka si yake. Kila upande ulikuwa na tafsiri yake ya punje ile, na karatasi ya Lugard ilikuwa na ya tatu.

Muleba yenyewe ilikwisha kuonja mapema zaidi ahadi za wageni. Mwezi wa Aprili 1875 mashua ya Henry Morton Stanley ilitia nanga kwenye kisiwa cha Bumbire, kilichokuwa chini ya mfalme wa Ihangiro. Watu wa kisiwa walimkaribisha, kisha wakamgeukia, wakamnyang'anya makasia. Akaponea chupuchupu kwa risasi. Aliondoka akiwa na nia ya kulipa kisasi, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo alirudi na mitumbwi ya wapiganaji, akawapiga risasi wakazi kutoka majini, wao wakiwa na mishale na mawe ufukoni, hata wakafa kwa makumi. Habari zake zilipofika Uingereza zilizusha ghadhabu. Huyo basi ni mtu aliyelitimiza neno lake bila upungufu. Wale wanaohubiri kwamba kutimiza ahadi ni wema kwa nafsi yake wangefaa kwanza kupiga kasia hadi Bumbire.

Mwaka 1890 Emin Pasha alifika Bukoba kwa niaba ya Wajerumani na kituo kikaanzishwa. Yaliyofuata kuhusu vita na mapatano na wafalme yamesimuliwa kwingine. Kinachohusika hapa ni kilichoipata punje. Kahawa, ambayo Wahaya waliichemsha na majani ya harufu, wakaikausha na kuitafuna, ambayo upandaji wake ulikuwa chini ya mkono wa wafalme, iligeuka kuwa zao la fedha. Ardhi yenye migomba na mibuni ikapanda thamani, na pamoja nayo ikapanda thamani ya nyarubanja. Hiyo ilikuwa milki ambayo mfalme alimgawia mtwana wake mkubwa au ndugu yake, mara nyingine pamoja na watu waliokuwa wakiishi juu yake tangu babu zao. Kwa maelezo ya wenye nyarubanja, mpangaji alitoa ndizi, pombe, kazi na baadaye fedha, naye bwana alitoa ulinzi na utetezi mbele ya mfalme. Ahadi ya pande mbili, ndivyo ilivyoitwa. Lakini chini ya serikali ya kigeni yenye polisi na mahakama zake, mpangaji hakuhitaji tena kulindwa na bwana wake, na bado alidaiwa. Upande mmoja wa tunda ulikwisha kukauka, na ule mwingine ukaendelea kukamuliwa. Ilibidi uhuru uje, na sheria ya Bunge ya mwaka 1965, ndipo wapangaji wa nyarubanja walipofunguliwa njia ya kuimiliki ardhi waliyoilima.

Mwaka 1937, wakulima wa Bukoba walipopinga kwa fujo kanuni walizowekewa za utunzaji wa mibuni, serikali iliwaona kuwa wakaidi wasiojua faida yao. Huenda. Lakini watu ambao kwao tunda la kahawa lilikuwa chombo cha kiapo cha watu wawili walio sawa walikuwa wanaambiwa sasa jinsi ya kulilea na mtu ambaye hakuchanjwa. Hata chama kikuu cha ushirika kilichoundwa mwaka 1950 kilipata nguvu kwa kusema lugha iliyo karibu zaidi na omukago: wenye mibuni wafungamane wao kwa wao, wauze pamoja.

Umaskini, hata hivyo, umebuni mkataba wake, na Kagera nzima inaujua kwa jina la butura. Mkulima ana mgonjwa, au mtoto amefukuzwa shule kwa ada, au msiba umeingia nyumbani. Mibuni imetoa maua tu. Anakwenda kwa mwenye fedha, anapewa kiasi fulani, na anaahidi madebe kadhaa ya kahawa itakapoiva. Bei imekadiriwa kwenye ua, mbali chini ya bei ya msimu. Mavuno yakija, yanakwenda kwa mdai, na mkulima anabaki na mibuni isiyo na kitu, akingoja maua mengine ya kuahidi. Serikali imeipiga marufuku butura mara kwa mara, na mara kwa mara imerudi, kwa kuwa ugonjwa na ada havikupigwa marufuku.

Hapa ndipo ngano zinapobanwa zijibu. Yule baba mfalme wa hadithi ya Grimm angesema bila kusita kwamba aliyeahidi alipokuwa na shida lazima atoe shida ikiisha. Ndivyo hasa alivyomwambia bintiye. Na mwenye kununua kahawa mauani hutumia hoja hiyo hiyo, akiongeza, kwa haki kiasi fulani, kwamba siku ya msiba ni yeye aliyefungua mkono na si mwingine. Lakini Kintu, ambaye ndiye mdai mkali kuliko wote, hakumkuta Wamara akilia. Alimpa akiwa mgeni, alimpa zaidi ya alivyohitaji, na alichokitaka kirudi hakikumpunguzia Wamara hata ndama mmoja. Deni lake lilikuwa zito kwa sababu lilikuwa jepesi kulilipa. Kumhesabu mkulima wa Kamachumu aliyeshindwa kutoa debe la mwisho kuwa ni Wamara mwingine ni kuisoma ngano juu chini. Ikiwa kuna Wamara katika habari ile, atafutwe miongoni mwa walioshiba.

Desturi ya kuchanjana imefifia. Makanisa hayakuipenda, na hofu ya magonjwa ya damu, ambayo Kagera iliyajua mapema na kwa uchungu kuliko mikoa mingine ya Tanzania tangu miaka ya 1980, ilimaliza iliyobaki. Neno lenyewe halikufa. Marafiki wa dhati bado huitana kwa jina la omukago bila tone la damu. Na katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba mgeni akishaketi huletewa kikapu kidogo chenye kahawa ya kutafuna, kavu, yenye harufu ya majani iliyochemshwa nayo. Huchukua chache, huweka moja mdomoni, na maganda yanapovunjika huzikuta punje mbili.